Nyumba Niliyoijenga Juu ya Jiwe la Kuanikia

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo haijawahi kunitoka, mwanangu, nayo ni ile Jumatano niliyomkuta mama yangu mzazi amekalia mihogo ya watu, jasho linamtiririka, akinikaribisha kwa heshima zote. Habari hiyo nimeicheka kwa miaka mingi. Siku yenyewe sikucheka mara moja, nitakueleza.

Nimeikumbuka jana uliponionyesha kwenye simu ramani ya nyumba unayotaka kujenga pale Kitaji, Musoma. Ramani nzuri, sikatai. Vioo vikubwa mbele, paa limefichwa nyuma ya ukuta lisionekane kabisa, na chumba cha upande wa magharibi umekiandika "Wazee". Nikajua hao wazee ni mimi na mama yako. Ukaniuliza, "Baba, unaionaje?" nami nikakohoa tu, nikaomba chai. Nimejenga nyumba za watu tangu sina ndevu, kwa hiyo nikikohoa ujue nina neno. Neno lenyewe ni refu kidogo, vuta kiti.

Kwetu ni Butiama, nyuma ya kile kilima cha mawe unachokijua. Baba alifariki nikiwa mdogo, Mama akanilea kwa jembe na ng'ombe wachache. Nilipomaliza darasa la saba nilikwenda Musoma kujifunza uashi kwa Fundi Shabani, mzee mwenye maneno machache na mkono mwepesi, ambaye ukuta wake ulikuwa hauhitaji kupimwa mara mbili. Kwake nilijifunza kupiga kamba ya msingi, kusimamisha kona, kupanga tofali na kuezeka bati. Baada ya miaka minne nikajiona nimemaliza elimu yote ya nyumba hapa duniani. Kijana akijua vitu vinne, mwanangu, anatembea akiwa amevimba mabega.

Nikaapa kumjengea Mama. Wakati ule yeye alikuwa akiishi kwenye nyumba ya msonge aliyoijenga na marehemu baba: duara, ukuta wa miti uliokandikwa udongo mnene, paa la nyasi lililoshuka chini mpaka mtu mzima ainame kuingia. Nikuambie ukweli, nilikuwa naionea aibu. Wenzangu wa Musoma wakiniuliza kwetu kukoje, nilikuwa nazungumzia ng'ombe.

Sasa, upande wa barabara palikuwa na jiwe pana lililolala chini, bapa, kubwa kiasi cha kutosha watu kucheza ngoma juu yake. Juu ya jiwe hilo ndipo wanawake wa pale kwetu na majirani walipoanika mtama, mihogo, na furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Walikuwa wakianika hapo tangu kabla sijazaliwa. Mimi mwenyewe nilikulia juu yake nikifukuza kuku. Lakini niliporudi na ufundi wangu nikalitazama lile jiwe kwa macho mapya, nikaona msingi wa bure. Ni gumu, limenyooka, halititii, na basi likipita abiria wote wataiona nyumba. Hasa hilo la abiria.

Mama alinikuta napima.

"Hapo, baba?" akaniuliza. Alikuwa akiniita baba kwa sababu nilirithi jina la baba yake.

"Hapo hapo, Mama."

"Na mtama tutaanikiaga wapi?"

"Mama! Unajengewa nyumba ya bati, bado unawaza mtama?"

"Haya," akasema.

Mama yangu alikuwa na haya za aina nyingi, na ile ilikuwa ya kuchungwa. Sikuichunga. Nikajenga. Ukuta mwembamba wa tofali moja. Madirisha mawili makubwa ya vioo yakitazama barabara, na ng'ambo ya barabara ni magharibi, kunakolala ziwa. Bati nikalikata karibu sana na ukuta, kwa kuwa maduka ya Musoma yalikuwa hivyo na nilipenda yalivyokaa. Yale matundu yanayobaki juu ya ukuta, chini ya bati, nikayaziba yote kwa saruji ili popo wasiingie. Popo kweli hawakuingia. Wala kitu kingine chochote hakikutoka.

Nyumba ikabarikiwa, watu wakala, akina mama wakapiga vigelegele mpaka mimi nikatokwa machozi. Nikamnunulia Mama kochi na kitanda cha futi tano. Kisha nikarudi kazini.

Kila Jumamosi nilikuwa nakwenda kumsalimia. Basi la kutoka Musoma lilikuwa likifika pale kwenye kona ya chini, dereva anapiga honi ndefu, kisha linapanda taratibu mpaka kwetu. Na kila nikishuka nilimkuta Mama ameketi kwenye kochi, khanga safi, mikono juu ya magoti, anatoka jasho.

"Shikamoo Mama. Mbona jasho?"

"Marahaba baba. Nilikuwa napika."

"Nyumba inaendeleaje?"

"Nzuri. Inang'aa sana."

Nikawa naridhika. Shuka la kitandani nilikuwa nalikuta limetandikwa vilevile kama wiki iliyopita, hata ule mkunjo wa pembeni ni uleule, nami nikamsifu Mama kwa usafi. Ona ujinga wa fundi aliyesifiwa.

Jumamosi moja nikamwambia kwamba wiki inayofuata ningekuja na vijana tuubomoe ule msonge. Nilisema unaharibu sura ya mji.

"Iache ya kuku," akasema.

"Kuku nitawajengea banda la bati."

Akageuka, akautazama ule msonge kupitia mlango uliokuwa wazi. "Haya," akasema, kwa sauti ndogo kabisa. Hiyo nayo sikuichunga.

Katikati ya wiki ile nilikuwa na kazi kule Guta, Bunda, ya kupiga plasta ghala la mtu. Saruji ikatuishia Jumanne jioni, na nyingine ingefika Ijumaa. Nikasema nisikae bure. Asubuhi nikapata lori la mahindi, likanishusha upande wa nyuma wa kilima chetu, nikapanda kwa miguu na kushukia kwa juu, katikati ya mawe. Kwa hiyo siku hiyo hapakuwa na basi wala honi, na saa tisa mchana nilikuwa mlangoni pa nyumba yangu.

Mlango ulikuwa wazi. Sebule nzima, mwanangu, ilikuwa nyeupe kwa mihogo iliyomenywa. Mihogo sakafuni, mihogo kwenye vizingiti vya madirisha, mihogo imepangwa kwenye kochi kipande kwa kipande. Kwenye kamba niliyomfungia Mama pazia walikuwa wananing'inia furu. Na chumbani, juu ya kile kitanda cha futi tano, mkeka wa mtama. Katikati ya yote alikuwa jirani yetu Bibi Wegesa, amejifunga khanga kiunoni, anageuza makopa, ile mihogo ya kukaushwa, kwa mkono, amenipa mgongo.

"Vua viatu huko!" akasema bila kugeuka. "Unakanyaga chakula cha watu!"

Nikavua. Nilipomwamkia akageuka, akaniona, na kipande cha muhogo kikamdondoka.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko nyumbani."

"Nyumbani wapi? Si ndiyo hapa?"

Bibi Wegesa akaangalia mihogo, akaniangalia mimi, akaona hakuna pa kutokea. "Hapa ni pa kukaushia, mjukuu wangu. Tena umetusaidia sana. Zamani mvua ikija tulikuwa tunakimbizanaga na mikeka. Sasa hivi siku mbili tu, yamekauka kau!" Kisha akaongeza, kwa nia njema kabisa, "Watu wanatokaga mpaka kule bondeni kuleta vyao."

Ndani ya ile nyumba palikuwa na joto la kupasulia mbegu. Jua lilikuwa limeanza kuinamia upande wa ziwa na lilikuwa linaingia kwa vioo vyote viwili, bati juu linalia, na jiwe chini linanichoma nyayo kupitia saruji. Ndipo nilipokumbuka kwamba hata utotoni, tukifukuza kuku pale, tulikuwa tunarukaruka kwa miguu peku. Nilikulia juu ya jiko, kisha nikamjengea mama yangu juu yake.

Nikatoka nikaenda kwenye msonge. Nilipoinama kupita chini ya nyasi nilihisi ubaridi shingoni kabla macho hayajazoea giza. Mama alikuwa amelala kwenye ngozi yake ya ng'ombe, usingizi mzito, mdomo wazi kidogo, uso mkavu. Sijui nilisimama pale muda gani. Niliona haya, nikaona huruma, na hasira pia ilikuwepo, sikufichi.

Akafumbua macho. Akaniona. Na kabla sijasema neno, mwanangu, yule mama aliruka, akanipita mlangoni kwa mbio za msichana, khanga moja mkononi, akakatiza ua, akaingia kwenye nyumba ya bati, akajitupa kwenye kochi, juu ya makopa ya Bibi Wegesa, akaweka mikono juu ya magoti.

"Karibu baba," akasema, huku anahema.

Nilimfuata nikasimama mlangoni. Tukatazamana. Bibi Wegesa ndiye aliyeanza, alibana mdomo kwa khanga lakini kicheko kikamtoka puani. Mama naye akaanza kutikisika mabega, kipande cha muhogo kimemganda mkononi. Mimi niliganda kwanza, halafu yakanishinda. Tulicheka mpaka Mama akaomba maji.

Alipotulia akaniambia, "Nikisikiaga honi kwenye kona, nakimbia. Kabla gari halijapanda ninakuwa nimeshatoa vitu vya watu na nimekaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulijenga kwa furaha sana, baba. Nilikuwa nakuangalia unavyobeba yale mabati kichwani unaimba. Ningeanzia wapi?"

"Na Jumamosi ningeubomoa msonge?"

"Ungeubomoa."

"Nawe ungekaa wapi?"

Alipangusa vumbi la muhogo kwenye khanga. Hapo ndipo kicheko kiliponikauka, kwa kuwa nilijua angeniacha niubomoe, angenishukuru, halafu angeungua kimyakimya ndani ya zawadi yangu mpaka mwisho wake. Zilibaki siku tatu tu.

Jioni ile aliniambia kitu ambacho Fundi Shabani hakuwahi kunifundisha. Alisema alipoolewa, mama mkwe wake alimfanya akalie kiwanja kabla ya nguzo hata moja kuchimbiwa. "Utakalia na wewe," akasema. "Kesho."

Asubuhi akanipa kigoda, akanipeleka kwenye uwanja wa nyuma, jirani na msonge, mbali na jiwe. Masharti yake yalikuwa mepesi. Kaa kwenye kivuli cha ule mti mdogo wa mkunazi. Jua likikugusa kidole cha mguu, hama, na pale ulipotoka acha kokoto. Usifanye kazi yoyote, usilale. Na mara tatu kwa siku yeye angekuja na konzi ya majivu kuyarusha hewani. Mimi, fundi wa mji, nilikaa kama kuku anayeatamia huku majirani wakipita na kuniuliza nimepatwa na nini.

Asubuhi majivu yalitoka kilimani yakaelekea ziwani. Alasiri yalirudi kutoka ziwani yakapanda kilimani. Saa sita jua lilikuwa utosini, halikuwa na ubaya na ukuta wowote. Ubaya ulianza saa tisa, liliposhuka na kuja limelala, likipita chini ya kila kitu. Nikautazama msonge nikiwa nimekaa hivyo, na kwa mara ya kwanza maishani nikauona. Zile nyasi zilizoshuka chini, nilizoziona ushamba, zilikuwa zimelizuia jua la saa kumi lisiuguse ukuta hata kidogo. Udongo ule mnene ulikuwa unachelewesha joto, mpaka likaribie kufika ndani jua limeshazama. Kati ya ukuta na paa palikuwa na nafasi ya mkono kuzunguka pote, hewa ya moto inatokea hapo, na mvua ya upepo inayoshuka kutoka kilimani haifiki kwa sababu ya upenu. Mlango haukutazama ziwa wala kilima, ulitazama kaskazini, upepo ukipita ubavuni unauvuta moshi wa jiko nje.

"Na mwezi wa sita?" nikamwuliza Mama alipokuja na majivu ya mwisho. "Jua si linahamiaga huko kaskazini?"

"Linaingia kidogo mlangoni," akasema. "Asubuhi za kipindi hicho kunakuwaga na baridi. Kwa hiyo linakaribishwa."

Lilikuwa linakaribishwa! Mwanangu, huyo ni mwanamke ambaye hakushika penseli siku hata moja. Nilitaka kulia na kumkumbatia, nikaishia kuhesabu kokoto.

Jumamosi vijana walikuja, na hatukubomoa msonge. Tulishusha mabati ya nyumba yangu. Nilijenga nyingine pale kokoto zilipoonyesha, ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni likute kuta fupi zisizo na dirisha. Madirisha nikayaweka kaskazini na kusini, yakitazamana. Ukuta nikaupiga kwa tofali nene za udongo. Bati nililitumia lilelile, Mama naye alilipenda, hakuna nyoka wala kuvuja. Ila nililitokeza nje mpaka likafunika baraza, nikatandaza dari ya matete chini yake, na matundu ya juu nikayaacha wazi na wavu wa popo. Fundi Shabani alipokuja kuiona nikamsimulia yote. Alicheka, akasema, "Mimi nilikufundisha kusimamisha ukuta. Pa kuusimamisha ulitakiwa uwaulize wenyeji."

Na ile ya kwanza je? Nilitaka kuiangusha kabisa, wanawake wakanijia juu, Bibi Wegesa mbele. Wakanifanya niirudishie bati kuukuu. Ipo mpaka leo, umewahi kuiona, ndiyo ile inayonuka furu. Ukipita pale mwezi wa saba utakuta makopa ya nusu ya kijiji, na hakuna anayeikumbuka kuwa ilikuwa nyumba ya mtu.

Mama alipohamia kwenye ile ya pili hakusema kitu, nami sikuuliza. Nilishaumwa na lile neno "inang'aa". Nikasubiri Jumamosi. Basi likafika kwenye kona, dereva akapiga honi ile ndefu, nikatoa shingo dirishani kuangalia ua wetu. Hakuna aliyekimbia. Nikashuka, nikapita ile ya kukaushia, nikafika barazani nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha tena. Nikasukuma mlango taratibu.

Alikuwa kitandani, saa tisa mchana, shuka limevurugika, mguu mmoja nje, uso mkavu, anakoroma. Hakuwa amesikia basi wala hodi. Nikarudi barazani kwa ncha za vidole nikaketi chini. Bibi Wegesa akapita na ungo akataka kuita, nikaweka kidole mdomoni pangu kumnyamazisha. Nilikaa pale zaidi ya saa nzima nikimsikiliza mama yangu akikoroma. Nimejenga nyumba nyingi baada ya hapo, na watu wameninenea mengi mazuri, lakini sifa iliyozidi ule mkoromo sijawahi kuipata.

Basi sikiliza, mwanangu. Sikukatazi kioo wala bati wala tofali la saruji. Siku hizi nyasi nzuri za kuezekea ni za kutafuta kwa tochi, na mimi si mtu wa kukurudisha gizani. Ninalokuomba ni kwamba uiweke simu chini siku moja. Chukua kigoda, nenda Kitaji, ukalie kiwanja chako kuanzia jua linapotoka mpaka linapozama. Ujue upepo wa ziwa unaingilia wapi na jua la saa kumi linapiga wapi, uliache paa lako litoke nje lifanye kazi yake, kwani paa si nguo ya ndani hata lifichwe. Waulize waliotangulia kukaa pale, hasa wanawake wanaoanika vitu, wao wanajua sehemu ya moto na sehemu ya baridi kuliko mimi. Na mtu unayemjengea, mwulize kabla hujapiga kamba. Akikujibu "Haya", mwulize tena.

Mungu aibariki mikono yako na kiwanja chako. Akupe ukuta usiopasuka, mvua ipite juu na upepo upite kati, na majirani wasikose sababu ya kuja. Na siku utakapotuleta mimi na mama yako katika hicho chumba, ukarudi kutoka kazini mchana ukabisha hodi, Mungu akujalie tusikusikie.